Ufuo wa Ziwa Tanganyika: Matembezi Kutoka Ikola Hata Karema



Wako watu wengi katika mji wa Mpanda ambao wamekula dagaa na migebuka tangu utoto wao, wala hawajapata kuuona ufuo ambako samaki hao huanikwa. Mimi mwenyewe nalikuwa mmoja wao. Nalizaliwa mbali na maji makubwa, nikasomeshwa na wamisionari, nikawa mwalimu, hata nikakaribia umri wa miaka thelathini kabla sijalitia machoni Ziwa Tanganyika. Siku nilipoliona nalisimama kando ya njia kitambo kirefu, na wenzangu wakadhani nimepatwa na ugonjwa.

Mkoa wetu wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, wajulikana sana kwa sababu ya hifadhi yake ya wanyama. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kutazama viboko wa mto Katuma na makundi ya nyati, kisha hurudi kwao. Wachache tu huambiwa ya kwamba upande wa magharibi mkoa huu una pwani yake, yenye mchanga, mawimbi, mashua na bandari, ingawa bahari iko mbali sana. Leo nataka tuitembee pwani hiyo kwa miguu, kutoka Ikola hata Karema. Nitawaeleza wakati wa kwenda, vitu vya kutazama na mambo ya kuogopa. Tena nitawaonyesha jambo moja ambalo ufuo huu hulifundisha, ambalo laweza kuokoa nyumba ya mtu.

Kwanza tulijue ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, nalo ni refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani. Upana wake ni kama kilomita 50 tu. Lakini kina chake hufika mita 1,470, na katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu, huko Siberia, lililo na kina kinachopita hicho. Sababu yake ni kwamba limelala katika Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ilipasuka na kudidimia tangu mamilioni ya miaka. Nchi nne zimelizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mtu aliyesimama Karema akitazama magharibi, mbele yake ng'ambo ya maji ni nchi ya Kongo, na siku ya hewa safi milima ya huko huonekana kama wingu la buluu lisilosogea.

Wakati mzuri wa matembezi haya ni miezi ya kiangazi, yaani kuanzia Juni hata Agosti. Wakati huo njia ni kavu na asubuhi ni ya baridi. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi, lakini msafiri wa miguu hapati hasara kwa hayo. Wenye vyombo ndio wenye kujihadhari. Mwezi wa Oktoba si mzuri, maana joto huwa kali mno. Daktari Livingstone aliufuata ufuo huu wa mashariki kwenda kusini katika mwezi huo wa Oktoba, mwaka 1872, akiwa mgonjwa na dhaifu, na jua la ziwani lilimtesa sana. Alifariki mwaka uliofuata. Kisha, tangu Novemba hata Aprili, ni majira ya mvua, na vijito ambavyo kiangazi huvukwa kwa kukunja suruali huwa mito ya kumchukua mtu.

Msafiri na achukue kofia, viatu vya kufunga, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na chandarua kwa ajili ya usiku. Tena katika mapori yaliyo kati ya Mpanda na ziwa wamo mbung'o, ambao huweza kuleta malale. Yafaa mtu avae nguo za mikono mirefu.

Basi sasa tuko Ikola, na alfajiri imepambazuka. Jua halijaonekana bado, kwa kuwa lazuiwa na vilima vilivyo nyuma yetu, lakini maji yamekwisha kuwa meupe. Kwa miaka mingi, tangu 1927, meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa ikisimama mbele ya vijiji hivi, na abiria wakashuka kwa mashua, kwa kuwa gati hapakuwa. Asubuhi hii tunazitazama mashua za wavuvi zinazorudi. Walitoka jana jioni na taa zao. Dagaa hupenda mwanga. Taa inapowashwa juu ya maji hukusanyika chini yake, na wavu ukainuliwa kutoka chini. Kwa hiyo kazi hii yataka giza. Mwezi unapokuwa mpevu dagaa hawakusanyiki penye taa, na wavuvi hukaa nyumbani wakishona nyavu. Mgeni atakaye kuona taa za wavuvi zikipangana usiku juu ya ziwa kama mji mkubwa, na aangalie mwezi kwanza kabla ya kufunga safari.

Na aulize pia kama uvuvi umefunguliwa. Mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, Tanzania iliufunga uvuvi katika ziwa hili ili samaki wapate kuzaana, maana walikuwa wamepungua. Wenye mashua walipata shida katika miezi hiyo mitatu, na mgeni aliyefika wakati huo alikuta vyombo vimevutwa juu ya mchanga.

Hapa Ikola, kabla hatujaanza kutembea, nataka kusema neno juu ya adabu. Ufuo ni mahali pa kazi ya watu. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga au vichanja ni chakula na ada ya shule ya watoto. Msipite juu yao wala kuwarukia. Nyavu zilizotandazwa msizikanyage. Wasalimuni wenyewe kwanza, kina mama wanaogeuza dagaa na wazee wanaoshona nyavu, kisha ombeni njia. Wabende, Wafipa, Watongwe na wageni wa kutoka Kongo waliochanganyika nao ni watu wepesi wa kumkaribisha mtu, bali hawampendi mgeni apitaye kimya kama mwizi. Na asiyeomba ruhusa asipige picha.

Sasa twaelekea kusini, ziwa likiwa mkono wetu wa kuume. Mahali pengine mchanga ni mpana, tena mgumu karibu na maji, na mguu waenda vizuri. Mahali pengine vilima huja hata majini, na njia hupanda juu ya mawe kisha hushuka tena. Angalieni ndege. Yuko mdiria mweupe kwa mweusi, ambaye husimama hewani palepale akipiga mabawa upesi, akalenga, kisha akaanguka majini kama jiwe. Yuko na furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, ambaye sauti yake husikika mbali kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Pale maji yalipotulia kati ya mawe, inameni mtazame. Katika ziwa hili wamo samaki wadogo wa rangi nyingi, aina zaidi ya mia mbili, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wako walio na desturi ya ajabu: hukaa ndani ya nyumba tupu za konokono waliokufa, wakataga mayai humo, na mama akalinda mlango. Kwa hiyo, mtoto akiona nyumba ya konokono imelala chini ya maji na aiache, maana yawezekana ina mpangaji. Zile zilizotupwa mchangani na mawimbi, hizo ni tupu kweli.

Lakini msiingie majini kuoga kila mahali. Maji yaliyosimama yenye majani na matete huwa na konokono wadogo wanaochukua ugonjwa wa kichocho, na mamba pia hupenda kujificha hapo. Waulizeni wenyeji wanapooga wao. Wakisema hapa sivyo, msibishane nao.

Juu ya jambo hili nina kisa. Mwaka 2022, mwezi wa Julai, nalikuwa na wanafunzi kumi na wawili wa chuo cha ualimu katika matembezi haya. Jioni tulifika penye kijito kiingiacho ziwani. Mchanga ulikuwa safi, kuni zilikuwa tele, na vijana wakataka tulale papo hapo. Mzee mmoja alikuwa akishona wavu chini ya mti, akatuita.

Nikamwambia, "Shikamoo, mzee."

Akajibu, "Marahaba, mwalimu. Watoto hawa watalala wapi?"

Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo ni njia ya wenyewe."

Nikamwuliza, "Wenyewe ndio nani, mzee?"

Hakujibu kwa maneno. Alituongoza hatua chache, akatuonyesha nyayo pana zilizozama katika tope, na majani yaliyokatwa chini kama kwa mundu. Ilikuwa njia ya viboko. Kiboko hukaa majini mchana, na usiku hutoka kula majani, kisha hurudi kwa njia ile ile. Akimkuta mtu amesimama kati yake na maji, huona amefungiwa mlango wa nyumba yake, naye humshambulia. Wanafunzi wangu walibeba mizigo yao bila kuambiwa mara ya pili, tukalala kijijini penye mzee yule.

Asubuhi mzee alitusindikiza. Tulipofika mwisho wa kijiji tuliona nguzo nne zimesimama majini, mbali kidogo na ufuo, na ndege ameketi juu ya mojawapo. Mzee akasema, "Pale palikuwa jiko la dada yangu." Akaeleza kwamba maji yalianza kupanda mwaka hata mwaka, mpaka yakaingia mlangoni, na dada yake akahamia kwa wanawe. Kisha akatuonyesha mwembe mkubwa uliokuwa juu zaidi, nyuma ya nyumba zote. Akasema ya kwamba alipokuwa mtoto mdogo maji yalifika karibu na mwembe ule, na baba yake akaagiza mtu asijenge chini yake.

Nikauliza, "Mbona hawakusikia?"

Akasema, "Walisikia, mwalimu. Lakini mtu akiona mchanga mkavu miaka thelathini, huuita kiwanja."

Tuliendelea na safari kimya. Mchana ule nalikuwa nikihesabu moyoni, na hesabu ya mzee ilikuwa sawa. Mvua kubwa zilinyesha Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1961 na 1962, na ziwa likapanda kidogo kidogo hata mwaka 1964, lilipofika juu kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi kabla yake. Baadaye likashuka. Watu wakasogea chini, wakajenga. Kisha kuanzia mwaka 2020 likapanda tena kwa nguvu. Mitaa ya mji wa Bujumbura katika Burundi iliingiwa na maji, na miji na vijiji vingine vya ufuoni vikapata taabu kama hiyo.

Zile nguzo zilituonyesha kwamba ziwa hupanda. Sasa tunafika Karema, nako tutaona alama ya kuonyesha kwamba hushuka. Katika mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alikuja hapa kwa amri ya shirika lililoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili, akajenga ngome juu ya kilima kidogo. Alichagua mahali pale kwa kuwa palikuwa karibu na maji, ili vyombo vifike chini ya ngome. Mwaka 1885 Wabelgiji waliondoka, na mapadre wa shirika la White Fathers wakashika mahali pao wakaweka misioni. Lakini mgeni wa leo akisimama misioni huona kwamba maji yako mbali, na kati yake na ufuo ni nchi kavu. Huuliza, Je, huyu kapteni hakuwa na macho? Alikuwa nayo. Ngome ilibaki pale pale. Ziwa ndilo lililoondoka.

Sababu yake ni hii. Fikirini beseni kubwa lenye ufa mmoja karibu na ukingo. Maji yakiwa chini ya ufa hayatoki. Hupungua kwa kukaushwa na jua tu. Maji yakifika penye ufa humwagika. Ziwa Tanganyika ni kama beseni hilo, na ufa wake ni mto Lukuga, ulio ng'ambo katika Kongo, ambao huyapeleka maji katika mto Kongo na mwisho wake baharini. Zamani za kale ziwa lilikuwa chini, maji hayakutoka kwa muda mrefu, na mdomo wa Lukuga ukazibwa na udongo na matete. Stanley alipofika huko mwaka 1876 aliona kizuizi hicho kwa macho yake. Wakati huo ziwa lilikuwa likipanda, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa. Hata mwaka 1878 au karibu yake maji yakakishinda kizuizi, yakakivunja, na Thomson alipofika mwishoni mwa mwaka 1879 alikuta Lukuga ni mto wenye nguvu unaokimbia kwenda magharibi. Katika muda wa miaka kama kumi na mitano ziwa likashuka karibu mita 10.

Basi Kapteni Cambier alijenga wakati maji yalipokuwa yameanza tu kushuka, naye hakujua. Yule dada wa mzee alijenga wakati yalipokuwa chini, naye pia hakujua. Wote wawili walidhani ufuo ni mpaka uliowekwa mahali pamoja. Ufuo haukai mahali pamoja. Maji mengi ya ziwa hili huondoka kwa kukaushwa na jua, na sehemu ndogo tu ndiyo ipitayo Lukuga. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa maji hupanda, zikipungua hushuka. Ziwa likituachia nchi kavu, limetukopesha tu.

Hapa Karema msiondoke kabla ya kupanda njia ya kutoka ufuoni hata misioni. Ni matembezi mafupi, lakini ni njia waliyopita wagonjwa wengi sana. Maana hapa aliishi Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali, akaibwa angali mtoto akauzwa utumwani. Mapadre wakamkomboa, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889. Hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa ufuo huu kwa muda wa zaidi ya miaka sitini, hata alipofariki mwaka 1956. Alipofika bado ziwa lilikuwa likirudi nyuma, kwa hiyo katika miaka yake ya kwanza wagonjwa waliokuja kwa mitumbwi walizidi kutembea mwendo mrefu mwaka kwa mwaka.

Sasa nina kazi ya kuwapa wanafunzi, hasa ninyi mkaao Ikola, Karema na vijiji vya kati. Chagueni kitu kisichohama: mti mkubwa, au pembe ya jengo la shule. Kila mwezi, siku ya kwanza, hesabuni hatua kutoka hapo hata ukingo wa maji, mkaandike katika daftari pamoja na tarehe. Mwanafunzi mmoja na ahesabu mwaka mzima, ili hatua zisitofautiane. Mtaona kwamba kwa kawaida maji huwa chini kabisa karibu na Oktoba au Novemba, na juu kabisa karibu na Aprili au Mei, mvua zinapokwisha. Hilo ni pumzi ya mwaka, wala si la kuogopesha. Bali linganisheni Mei na Mei ya mwaka uliopita, na Oktoba na Oktoba. Hapo ndipo mtakapojua ziwa liko katika kupanda au katika kushuka. Kisha waendeeni wazee, mwaulize maji yalifika wapi mwaka 1964, mkapige kigingi au mweke jiwe mahali hapo. Daftari hilo msilitupe mnapohitimu. Waachieni watakaokuja nyuma yenu.

Mtu akitaka kujenga, na aulize kwanza liko wapi jiwe hilo, ajenge juu yake. Chini yake na apande mboga, aanike dagaa, avute mashua yake. Vitu hivyo huhamishika, ukuta hauhamishiki.

Jioni imefika, na matembezi yetu yamekwisha. Katika miaka ya karibuni imejengwa bandari mpya hapa Karema kwa ajili ya mizigo ya Kongo, na bila shaka wageni watazidi. Kaeni ufuoni mkalitazame jua likizama nyuma ya milima ya ng'ambo. Halizami hivyo katika Mpanda. Na wavuvi wakianza kuwasha taa zao, ondokeni penye mdomo wa mto, mrudi kijijini. Wenyewe watoka kula majani.

Kwaherini.